Springi Huinua Bodi, Tairi Huinua Difu

Hotuba hii ilitolewa mjini Malindi mbele ya madereva wa safari, wenye magari na mafundi. Imeandikwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, dada zangu, ndugu madereva, na nyinyi mafundi wenzangu mliofunga kazi mchana huu mkaja kunisikiliza, asalaam aleikum. Na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Nawashukuru kwa namna ya pekee wageni wetu waliotoka Mokowe alfajiri ili wawe nasi hapa.

Nimesimama kwa ajili ya jambo moja tu. Haipiti wiki bila gari kuingia uani kwangu, mwenyewe akashuka na kuniambia maneno yaleyale: "Fundi, nitilie matairi makubwa." Haniambii anakwenda wapi, haniambii anabeba nini, haniambii gari lilimkwamia wapi mara ya mwisho. Nami humuuliza: yakusaidie nini? Wengi hunyamaza. Si kwamba hawana akili, la hasha. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo, kwani anayeuza tairi ana haja ya kuuza tairi. Sitaki mtu atoke hapa akaseme kwamba nimekataza matairi makubwa. Nimeyafunga mengi kwa mikono yangu, na mengine nilijuta kuyafunga. Ninalotaka ni kwamba anayenunua ajue amenunua nini, na ajue pia deni lililokuja pamoja na alichonunua.

Tuanze na namba zilizopigwa ubavuni mwa tairi, maana karibu yote nitakayosema yamo ndani ya namba hizo. Chukueni tairi la 265/70R16, ambalo mnalijua vizuri. 265 ni upana wake kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia 70 ya huo upana, yaani milimita 185 na nusu. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, rimu katikati na ubavu wa chini, unapata gurudumu lenye kipenyo cha milimita 777. Sasa chukueni lile ambalo kila kijana analiota, 285/75R16. Hesabu ni ileile, na jawabu lake ni milimita 834. Tofauti ni milimita 57.

Je, gari limepanda milimita 57? Halikupanda. Ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, imekaa katikati ya gurudumu. Nusu ya kilichoongezeka iko chini ya ekseli, na nusu ya pili iko juu, inaitafuta madigadi. Kilichoongezeka chini ya difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, ni milimita 28, yaani inchi moja na ushei. Hiyo ndiyo bidhaa uliyoinunua, ndugu yangu: inchi moja na ushei. Ishike akilini, kwa sababu muda wote uliobaki nitakuwa nakueleza bei yake.

Alikuja kwangu kijana mwenye pikapu, amefungiwa springi ndefu mahali pengine, gari limenyanyuka hata mtoto angeweza kupita chini yake bila kuinama sana. Alikuwa amekasirika. Katika njia ya Marafa kuna jiwe ambalo lilikuwa limemgonga difu kabla hajafunga zile springi, na baada ya kuzifunga jiwe lilelile likamgonga palepale, safari hii mafuta yakamwagika. Akaniuliza, "Fundi, gari si limepanda?" Nikalala naye chini ya gari, nikamwonyesha. Difu imo ndani ya ekseli, ekseli imekaa juu ya magurudumu, na springi ziko juu ya ekseli. Ukirefusha springi, unainua kila kilicho juu yake: chesisi, bodi, viti, abiria. Difu inabaki ilipokuwa. Nazungumzia ekseli nzima, kama ile ya nyuma ya pikapu zetu nyingi. Springi huinua bodi. Tairi huinua difu. Narudia kwa sababu watu wametumia fedha nyingi kwa kutolijua neno hili: springi huinua bodi, tairi huinua difu.

Kwa hiyo tairi lina heshima yake, nami siivunji. Hakuna kingine kitakachoiondoa difu kwenye jiwe. Lakini je, mawe ndiyo yanayotukwamisha sisi? Hapa kwetu gari hukwama wapi hasa? Hukwama mchangani, na likivuka kuelekea delta ya Tana wakati wa mvua, hukwama kwenye udongo mweusi. Basi tuyatazame haya mawili kwa makini.

Nilikuwa Mambrui, upande wa ufuo, siku ya upepo mkali. Mbele yetu kulikuwa na gari lenye matairi mapana mapya, meno makali, upepo umejazwa pauni 36 kama lilivyotoka kwa muuza tairi. Dereva aliingia mchangani kwa nguvu, akaenda kama mita hamsini, magurudumu yakaanza kuchimba. Akakanyaga zaidi, yakachimba zaidi, hadi difu ikakaa juu ya mchanga. Nyuma yetu akaja mzee mmoja mvuvi, na Land Rover kuukuu, matairi membamba ya 7.50R16 ambayo meno yake yalikuwa yamekwisha kulainika. Mzee akasimama pale mchanga mgumu unapoishia, akashuka, akazunguka na kijiti, akalitoa upepo kila tairi huku akisikiliza. Nilipopima baadaye kwa ruhusa yake nilikuta pauni 18. Akapanda, akaweka gia ya pili ya chini, akatupita polepole kama mtu anayekwenda sokoni, na katika jitihada zote zile hakuna aliyemsikia akipandisha mlio wa injini.

Kwa nini alipita? Tairi likipungua upepo halitanuki sana kwa upana, linarefuka. Sehemu inayolala chini inakuwa ndefu, uzito unagawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi, na mchanga hauvunjiki. Upana peke yake una ila yake, kwa sababu tairi pana lenye upepo mwingi husukuma ukuta wa mchanga mbele yake, na injini inatumika kuupanda ukuta huo mita baada ya mita. Watu wa Lamu mnamjua punda, na wengi wetu tumewaona ngamia wakiteremshwa kutoka bara. Kwato za punda ni ndogo na ngumu, huzama. Unyayo wa ngamia ni laini, ukikanyaga unatandika. Kupunguza upepo ni kumgeuza punda wako kuwa ngamia, na hakugharimu hata senti.

Nina masharti mawili ya kuyaweka hapa, nayo si ya hiari. Usishuke chini ya pauni 15 kwa tairi la kawaida, kwani ukikata kona ghafla tairi linaweza kuachana na rimu. Na usirudi kwenye lami ukaenda kasi bila kujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, linapata joto, na joto hilo ndilo linalolipasua. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni bora kuliko tairi jipya. Nunueni pampu kwanza. Nunueni pampu kwanza, halafu mwende Mambrui, halafu ndipo mje mniambie kama bado mnataka matairi makubwa.

Udongo mweusi nitaupitia haraka. Kama chini ya tope kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope likaifikia, ilhali pana huelea juu na kuteleza kama sahani. Kama hakuna ardhi ngumu kwa karibu, hakuna tairi litakalokuokoa. Geuza gari ungali unaweza. Waliounda magari ya kazi ya zamani walilijua hilo, na ndiyo maana Land Cruiser za mlolongo wa 70, ulioanza mwaka 1984, nyingi zilikuja na tairi lilelile la mzee wa Mambrui, refu na jembamba.

Basi, tuseme umeyasikia yote haya na bado unalitaka 285. Una sababu yako; pengine kweli unapita mawe. Sasa tuzungumze kuhusu deni.

Wenzetu wa jahazi wananielewa upesi zaidi. Nahodha akitaka tanga kubwa kuliko alilonalo, fundi wake hamkatii kitambaa siku ileile. Humuuliza kwanza mlingoti una unene gani, foromali, ule mti unaoshika tanga, ina urefu gani, na tumboni kuna farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, kiasi gani. Tanga ni kitu kimoja, lakini upepo likiupokea huupeleka kwenye chombo kizima. Usione vyaelea, vimeundwa. Gari nalo limeundwa vivyo hivyo: aliyechagua tairi alichagua na meno ya difu, na breki, na usukani, vyote kwa kipimo kimoja.

Gurudumu la milimita 834 ni kubwa kwa asilimia 7 na kidogo kuliko lile la 777. Kama difu yako ni ya 4.1, yaani propela shafti, mhimili unaoleta nguvu kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja, basi kwa tairi jipya gari linajihisi lina difu ya 3.82. Gia zako zote zimekuwa ndefu. Gia ya kwanza si ya kwanza tena. Mchangani klachi inateseka, na mlimani unashuka gia mapema. Nilipokea gari moja la dizeli ambalo mwenyewe alikuwa ameshafunguliwa pampu ya mafuta mara mbili katika karakana nyingine, amelipa mara mbili, akaambiwa injini imechoka. Injini haikuwa na kosa. Nilimrudishia matairi ya zamani kwa siku moja, kwa majaribio tu, akaenda na kurudi, macho yamemtoka, akaniambia gari limepona. Halikuwa mgonjwa. Lilikuwa limebebeshwa.

Dawa yake ipo, nayo ni kubadilisha krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu. Kwa hesabu yetu ungehitaji difu ya karibu 4.4, ile ya 4.3 itakusogeza jirani ingawa si kamili. Lakini sikilizeni, mafundi vijana: katika gari la magurudumu manne huwezi kubadilisha difu ya nyuma ukaiacha ya mbele. Zikitofautiana, siku dereva atakapounganisha magurudumu ya mbele katika ardhi ngumu, shafti zitavutana hadi kimoja kivunjike. Ni difu mbili au usiguse. Mweleze mwenye gari gharama hiyo kabla hajanunua tairi, si baada yake.

Sasa ninalifikia jambo ambalo ndilo hasa lililonileta.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado dereva na si fundi, nilifungiwa matairi makubwa na karakana moja ambayo sitaitaja. Niliuliza kuhusu breki. Nikaambiwa, "Breki hazina habari na tairi." Nikaamini. Wiki hiyohiyo nilikuwa natoka Gongoni na abiria saba, akiwemo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali hapa Malindi. Nilipokaribia daraja la Sabaki mbuzi wakaingia barabarani, na nyuma ya mbuzi alikuwako mtoto anayewachunga. Mshale wa mwendo ulisema 80. Nilikanyaga breki kama nilivyozoea kuikanyaga, na gari halikusimama pale nilipozoea lisimame. Lilipita. Nililitoa pembeni, likasimama kichakani, mbuzi wawili wamekufa na mtoto amesimama barabarani, mzima, ananitazama. Mpaka leo ninayaona macho yake.

Nini kilitokea? Breki hushika diski, na diski yangu haikuwa imebadilika. Lakini nguvu ile ya diski hufika barabarani kupitia gurudumu, na gurudumu likiwa kubwa zaidi nguvu inayofika chini ni ndogo zaidi, kama mtu anayejaribu kuzuia mlango kwa kuushika karibu na bawaba. Kwa mguu uleule, nilikuwa nimepoteza karibu asilimia 7. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mshale ulikuwa unanidanganya. Mshale huhesabu mizunguko, haujui gurudumu lina ukubwa gani. Uliposema 80, mimi nilikuwa naenda 86. Na mwendo ukiongezeka, kazi ya kusimamisha gari haiongezeki kwa kiasi hichohicho, bali huongezeka kwa mraba wake: ongezeko la asilimia 7 la mwendo ni ongezeko la asilimia 15 la kazi ya breki. Kazi imezidi, nguvu imepungua, na dereva hajui lolote kati ya hayo mawili. Ongezeni uzito wa tairi lenyewe, ambao nao unazunguka na unataka kuzuiwa.

Ndugu madereva wa abiria, sheria imewawekea kilomita 80 kwa saa. Mkibadilisha matairi bila kurekebisha mshale, mnaivunja sheria hiyo mkiwa mnaamini mmeitii, na kidhibiti mwendo kinachopokea hesabu yake kutoka kwenye giaboksi kitadanganyika pamoja nanyi. Safari ya Mombasa, ambayo ni kama kilomita 120, itaandikwa 112. Jipimeni kwa simu yenye ramani, mkiwa na mtu wa pembeni wa kuisoma, mlinganishe na mshale.

Je, abiria anayepanda gari lako anajua haya? Hajui. Mtalii anayekuja kuona ndovu kupitia lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki hajui. Mama yule hakujua. Wanakutazama wewe. Kwa hiyo kama utafunga tairi kubwa, anza na breki: diski zisiwe zimekonda, pedi ziwe nzima, mafuta ya breki yawe mapya, mipira isiwe imepasuka. Halafu nenda mahali patupu, lipakie gari mzigo wake wa kawaida, ujizoeze upya kusimama. Fanya hivyo hata kama umeendesha miaka thelathini.

Yapo mengine ambayo nitayagusa tu. Tairi la akiba nalo lazima liwe la ukubwa uleule. Kama haliingii chini ya gari, tafuta pa kulifunga, usiliache nyumbani. Ukifunga spea ndogo upande mmoja wa ekseli, difu inafanya kazi bila kupumzika hadi ufike, na ukiunganisha magurudumu manne katika hali hiyo unaivunja. Beringi na vichwa vya usukani huchakaa mapema, vikaguliwe mara kwa mara. Rimu nayo ina kipimo: ile ya upana wa inchi 7 inalipokea 265/75R16 na 235/85R16 vizuri, lakini 285/75R16 inataka walau inchi 7 na nusu. Soma pia namba ya uzito. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Na soma tarehe, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la hapa na chumvi ya bahari hulikausha tairi hata likiwa limesimama, kwa hiyo meno mazima yasikudanganye.

Mkiniuliza mimi ningefunga nini kwenye gari la safari linalotumia 265/70R16, nitawajibu bila kusitasita: 235/85R16. Ni milimita 806, refu kwa chini ya asilimia 4, jembamba, linaingia kwenye rimu yako, na ukubwa wake unakaribiana sana na ule wa tairi la mzee wa Mambrui. Difu inapanda milimita 14. Najua ni kidogo. Najua pia halivutii macho likiegeshwa mbele ya hoteli, na kijana anayetaka gari lake litazamwe hatanishukuru. Lakini deni lake ni dogo, na breki zako utazitambua.

Sasa tutoke nje kabla jua halijazama. Nimeleta pikapu moja iliyofungwa 285 jana, na mwenyewe ameniruhusu tuitumie. Tutalipandisha gurudumu la mbele la kulia juu ya lile gogo, wanaume sita wataingia nyuma, na dereva atakata usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, polepole. Tumepaka chaki pembeni mwa tairi. Popote chaki itakapobaki, iwe kwenye madigadi, kwenye bampa au kwenye bomba la breki, hapo ndipo tairi linapogusa. Anzeni kutazama kwenye bomba la breki.